Mcheko Wetu Umemwacha Mkabila Salama

Mzee Ojwang' Hatari hakuwa Mjaluo. Alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, na kwa miaka mingi alivaa miwani yake, akaingia kwenye Vitimbi katika runinga ya taifa, akafungua kinywa, na nchi nzima ikamsikia mzee wa ziwani. Alipofariki Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wapo mashabiki waliolisikia jina lake la kuzaliwa kwa mara ya kwanza kwenye taarifa ya habari. Naye Kazungu Matano, yule Captain Otoyo aliyewavunja watu mbavu kwenye Churchill Show kwa lafudhi iyo hiyo, ni Mmijikenda, mtu wa Pwani.

Nawataja hawa wawili kwa sababu mjadala wa vichekesho vya kabila huku Homa Bay na Migori hukwama mahali pamoja: nani ana ruhusa ya kumcheka nani? Kijana anarekodi klipu ya kumwiga Mkisii, anashambuliwa kwamba yeye si Mkisii, anajitetea kwamba mama yake anatoka Nyamira, na mambo yanaishia hapo. Ojwang' anatuonyesha kwamba swali hilo halitufikishi mbali. Wanjau hakuwa na damu ya Kijaluo ya kujikinga nayo, lakini sijamsikia mzee wa Kendu Bay wala wa Awendo akisema alidhihakiwa naye. Tulimhesabu kuwa wetu.

Sababu yake iko ndani ya uigizaji wenyewe. Ojwang' alikuwa na nyumba, mke, marafiki, madeni na majivuno. Alipanga hila, mkewe Mama Kayai akaigundua kabla hajafika mlangoni. Alitafuta heshima mahali ambapo hakustahili kuipata, akaikosa, akarudi nyumbani akinung'unika kama ambavyo mume yeyote wa Kakamega, Nyeri au Machakos angenung'unika. Lafudhi ilikuwa vazi tu. Ungemvua, ungebaki na binadamu mzima wa kuchekesha. Mtazamaji wa Murang'a alimcheka Mjaluo huku akimwona mjomba wake mwenyewe, na hilo ni jambo kubwa katika nchi ambayo siasa zake zilikuwa zinamfundisha kinyume.

Tazama sasa kinachopita kwenye simu zetu. Mjaluo anaongea Kiingereza kirefu na kujisifia viatu. Mkikuyu anauza hata jeneza la mamake. Mkamba yuko kwa mganga. Mluhya ni mlinzi wa geti, kuku akiwa mawazoni. Mkisii ana hasira na ndugu yake ni mchawi. Mmeru amekasirika kabla hajajua sababu. Mtoto wa darasa la sita ana orodha hii kichwani kabla hajakutana na Mmeru hata mmoja. Mchekeshaji anaisoma kwa sauti, watu wanacheka, kisha tunaambiwa kwamba hiyo ni kejeli ya ukabila. Mimi nakataa. Huo ni ukabila wenyewe, umepewa muziki tu.

Hata kujicheka wenyewe hakutuokoi. Daniel Ndambuki ni Mkamba, na kwa miaka mingi amejulikana redioni kama Mwalimu King'ang'i, kwa lafudhi nzito ya Kikamba. Ana kipaji ambacho hakuna anayeweza kukikana. Lakini mtu akishajua kwamba mwenye kabila mwenyewe amecheka, anajiona amepewa leseni ya kwenda kumcheka mfanyakazi wake wa nyumbani kutoka Kitui. Damu ya mchekeshaji haibadilishi kinachobaki kichwani mwa anayecheka.

Kuna tofauti kati ya kichekesho kinachokera kwa kumdunisha mtu na kile kinachokera kwa kuuvua nguo ubaguzi wenyewe hadharani. Hiki cha pili ndicho ninachokitetea, tena kwa moyo wote, hata kikiwa na matusi. Mwaka 1974 Mel Brooks alitoa filamu ya Blazing Saddles, ambayo Richard Pryor alikuwa mmoja wa waandishi wake. Mji wa wazungu unaletewa mkuu wa usalama mweusi, na tusi baya kuliko yote waliyowahi kuitwa Wamarekani weusi linatamkwa humo tena na tena. Lakini kila linapotamkwa, anayepungua ni msemaji. Yule mweusi ndiye mwenye akili, mwenye subira na mwenye nguo safi. Mji mzima umejaa wapumbavu wanaojidhani watukufu. Charlie Chaplin alifanya jambo la aina hiyo mwaka 1940 katika The Great Dictator, akaigiza kinyozi Myahudi na dikteta anayemwinda, uso uleule mmoja. Baadaye aliandika kwamba angelijua ukweli wa kambi za mauaji asingeweza kuitengeneza. Nayaheshimu maneno hayo. Ipo mipaka ambayo mcheko ukifika unapaswa kuvua kofia.

Hata filamu yenye shabaha nzuri inaweza kumwumiza mtu asiyehusika. Borat ya mwaka 2006 iliwatega Wamarekani mpaka wakatoa chuki zao mbele ya kamera, na katika hilo Sacha Baron Cohen alifaulu sana. Lakini kile kijiji kilichoonyeshwa kama Kazakhstan kilipigwa picha Glod, kijiji cha maskini wa Kiroma nchini Romania, na watu wa huko walipogundua jinsi walivyoonyeshwa duniani walikwenda mahakamani wakisema walidanganywa. Serikali ya Kazakhstan ilikasirika, ikapoa, na mwaka 2020 bodi yake ya utalii ikalichukua neno la Borat kuwa kauli mbiu. Nchi ina wizara na mabalozi, inaweza kugeuza dhihaka kuwa biashara. Wanakijiji wa Glod hawakuwa na wizara.

Hiyo ndiyo hofu yangu ninapopanda matatu kutoka Migori kwenda Isebania. Siku moja abiria wa kiti cha mbele alikuwa akicheza klipu kwenye simu kwa sauti ya juu: mchekeshaji anamwiga Mkuria, ng'ombe wa wizi wamo, panga limo, mke anayepigwa yumo. Gari zima lilicheka, makanga akaomba irudiwe. Nyuma yangu alikaa bibi mmoja ambaye tangu tulipotoka stendi alikuwa akiongea Kikuria na mjukuu wake, mtoto wa miaka kama mitano, kuhusu viatu vipya. Klipu ilipoanza mara ya pili, mtoto aliuliza jambo kwa Kikuria. Bibi alimjibu kwa Kiswahili. Aliendelea na Kiswahili mpaka waliposhuka.

Hakuna aliyemtukana bibi huyo. Ukiwauliza abiria watakuambia kwa haki kabisa kwamba hawana neno na Wakuria, wananunua mahindi yao, wanauziana ng'ombe, wanaoana. Lakini mtoto yule alijifunza kwamba kuna lugha ya nyumbani na kuna lugha ya kujificha. Mzaha umefanya kazi hiyo ndani ya dakika mbili.

Wajaluo wa Homa Bay na Migori tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi, kwa sababu mzaha mmoja wa Kenya umetugharimu damu. Jando halikuwa mila yetu. Mila yetu ilikuwa kung'oa meno ya chini. Majirani walilifanya jambo hilo kuwa kichekesho cha baa, kisha cha jukwaa la siasa: mtu asiyetahiriwa ni mtoto, na mtoto hawezi kuongoza nchi. Watu walicheka kwa miongo kadhaa. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, wanaume wa Kijaluo walikamatwa Naivasha na Nakuru wakatahiriwa kwa nguvu kwa panga na chupa zilizovunjika, na baadhi yao walikufa. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliyaandika hayo. Mwaka 2012 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikataa kuyaita udhalilishaji wa kingono, wakayaweka chini ya vitendo vingine vya kinyama. Huku kwetu nako, wafanyabiashara waliotoka Mlima Kenya walifukuzwa, maduka yao yakaporwa na kuchomwa, na mizaha yetu sisi juu yao nayo tulikuwa tumeicheka kwa miaka.

Mwaka uo huo wa 2008, serikali ilianzisha Nyanza mpango wa tohara ya hiari ya kitabibu, baada ya utafiti uliofanywa Kisumu kuonyesha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Vijana wa Mbita, Ndhiwa na Rongo walijitokeza kwa wingi, wengi wao kwa hiari yao na bila kelele. Kama lile tusi lingekuwa linahusu ngozi, lingekwisha hapo. Halikwisha. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi, na neno la Kikuyu la kumdharau asiyetahiriwa lilikuwamo, pamoja na madoadoa na mengineyo. Ubaguzi haukuwa ukitafuta ukweli juu ya mwili wa mtu. Ulitaka tu mahali pa kushika.

Na orodha ya maneno haimfikii mwenye chuki. Anabadilisha neno, anakonyeza jicho, umati unaelewa. Sheria inaweza kumfunga mdomo kwa msimu mmoja wa kampeni; haiwezi kumfanya aonekane mjinga mbele ya wale wanaompenda. Kazi hiyo inataka msanii.

Wakenya tulishaona kazi kama hiyo. Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, wale wa Redykyulass, walimwiga Rais Moi akiwa bado Ikulu, wakati ambapo wazazi wetu walikuwa bado wanashusha sauti kabla ya kulitaja jina lake. Mwaka 2009 ukaja XYZ Show, vikaragosi vya Gado, Mtanzania aliyewachora wanasiasa wetu mpaka wakawa wanajitazama kujua wamefikiwa au la. Tulijifunza kumcheka mkubwa kwa ukubwa wake. Hatukujifunza kumcheka mkabila kwa ukabila wake. Kila mwigo wa mwanasiasa uliishia kwenye sauti yake, tumbo lake na tamaa yake. Ile hesabu anayoifanya kichwani, kwamba watu wa kijiji fulani ni kura na wa kijiji kingine ni takataka, ilipita salama. Na yule mpiga kura anayeipenda hesabu hiyo hakuguswa kabisa.

Filamu nayo imekwepa. Ni Sisi ya mwaka 2013, iliyotoka katika maigizo ya mtaani ya kundi la S.A.F.E. Kenya, ilijaribu kuonyesha uvumi unavyokivunja kijiji cha makabila mchanganyiko. Nia yake ilikuwa njema na naiheshimu. Lakini ilikuwa filamu ya kuonya zaidi ya kukera, na mtu mwenye chuki hutoka kwenye onyo akiwa na hakika kwamba limemhusu jirani. Bodi ya Uainishaji wa Filamu nayo imejulikana kwa kuizuia The Wolf of Wall Street mwaka 2014 kwa ajili ya ngono na dawa za kulevya, na Rafiki mwaka 2018 kwa ajili ya mapenzi ya wasichana wawili, mpaka mahakama ikaifungulia Rafiki kwa siku saba. Siiombi bodi hiyo iongeze kabila kwenye makatazo yake. Nikiwa na ombi, ni kwamba siku filamu kali ya kumvua nguo mkabila itakapofika mezani, isome inamlenga nani kabla haijahesabu matusi.

Kuna pingamizi moja ambalo halinipi usingizi mzuri, na sitaki kulipita haraka. Miaka ya sabini runinga ya Marekani ilikuwa na Archie Bunker, mzee mbaguzi katika kipindi cha All in the Family, aliyetungwa ili watu wamcheke na wajione aibu. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo yao: watazamaji wenye chuki zaidi walielekea kumpenda Archie na kuona kwamba ndiye mwenye haki. Walicheka pamoja naye. Karibu miaka thelathini baadaye Dave Chappelle, mchekeshaji mweusi aliyeujua ubaguzi kwa ngozi yake, aliacha kipindi chake na mamilioni ya dola baada ya kumsikia mtu mmoja kwenye seti akicheka vibaya wakati wa kurekodi igizo la rangi. Alijua kichekesho kilikuwa kimemtoka mkononi.

Kwa hiyo shabaha nzuri haitoshi. Mtazamaji wa Awendo mwenye dharau kwa Wakisii anaweza kuitazama filamu inayomsuta na akashangilia kila tusi. Nakubali. Ninachokiona katika habari ya Archie, hata hivyo, ni kwamba mtunzi alimpenda mno mzee wake; alimpa maneno matamu, kiti kizuri na neno la mwisho. Mkabila wa kichekesho akipewa ulimi mtamu, ameshinda. Anapaswa apoteze kitu anachokitaka sana, akipoteze kwa sababu ya chuki yake, na mtazamaji akione kinavyomponyoka.

Wenzetu wa ng'ambo ya Sirari wana kitu tunachopaswa kukitazama kwa makini. Nchini Tanzania kuna utani wa makabila: Mngoni na Mhehe, Mzaramo na Mnyamwezi, watu ambao babu zao walipigana au walipishana kwenye njia za msafara wakaishia kupeana haki ya kutukanana. Mtani anaweza kufika msibani akamcheka maiti mbele ya wafiwa na asiguswe. Lakini mtani huyo ana wajibu wa kuwa msibani. Anabeba kazi za mazishi, anachimba, anapika, anawaondolea wafiwa uzito. Matusi yake yana deni, na deni hilo hulipwa kwa jasho mahali ambapo anayetukanwa anamwona. Utani haukuwaondolea Watanzania dharau zote. Vichekesho vya huko juu ya Wakurya vinafanana sana na ile klipu ya matatu, na Mkurya wa Tarime na Mkuria wa Kehancha ni mtu mmoja aliyepitiwa na mpaka. Hata hivyo, kanuni ya utani ni bora kuliko kitu chochote tulicho nacho Kenya. Mchekeshaji wetu anayetengeneza pesa kwa kumwiga Mkuria, amewahi kukanyaga Ntimaru? Angethubutu kuionyesha klipu yake Kehancha siku ya soko, akasimama pale akawatazama?

Ndiyo sababu naamini filamu ya kumvua nguo mkabila inapaswa kutoka hapa. Nairobi kabila ni lafudhi ya mtu unayekutana naye ofisini. Hapa ni shamba, ndoa, mtumbwi na mbuzi aliyepotea. Migori ina Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya na Wasomali kwenye barabara moja ya maduka. Kendu Bay ina msikiti mkongwe na familia za Waislamu zilizoishi na majirani Wakristo vizazi kadhaa. Migingo, mwamba usiofika hata ekari moja, umewakusanya wavuvi wa nchi tatu na polisi wa Uganda, na serikali za Kenya na Uganda zimeugombania kwa miaka mingi. Na Rusinga na Mfangano kuna jambo ambalo mwandishi yeyote wa vichekesho angelilipia: maelfu ya watu wanaojiita Wajaluo safi, ambao babu zao walikuwa Wasuba na hawakujua Dholuo. Shule na kanisa vilifundisha kwa Dholuo, Kisuba kikarudi nyuma, na leo kimebaki zaidi Mfangano, vinywani mwa wazee.

Kwa hiyo mpeni mkabila wetu jina, mwekeni Mbita. Awe jaduong', mzee anayeheshimika, mwenyekiti wa kila kamati, mwenye methali ya kuwadharau Wakuria, nyingine ya Wakisii na nyingine ya Waluhya, wote anawaita mwa, yaani wageni. Binti yake alete mchumba Mkuria kutoka Bwirege. Mzee akatae, aapie ukoo wake, aitishe baraza la kuthibitisha usafi wa damu yake tangu mwanzo wa ziwa. Kisha amtafute shahidi mkongwe kuliko wote, bibi yake wa Mfangano, na bibi asimame mbele ya baraza aanze kuhesabu ukoo kwa Kisuba, jina kwa jina, asinyamaze. Wakuria nao wasiachwe wakiwa malaika. Babake mchumba awe anakataa ndoa hiyo kwa sababu Wajaluo si wanaume, na Wabukira, Wakuria wenzake, wamcheke yeye kama anavyowacheka Wajaluo. Matusi yawepo, yaleyale tunayoyasema jikoni wageni wakiondoka. Mtazamaji akereke, ajikunyate, ajisikie ametajwa.

Waigizaji wapo. Vijana wanaotengeneza klipu kwa simu moja na taa ya kuazima wana uwezo wa kuiga sauti ambao ungemfurahisha Wanjau. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba sauti si kichekesho bado. Kaunti zote mbili zina bajeti za utamaduni na vijana ambazo huliwa na sherehe za siku moja na fulana. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingelipa waandishi watatu, Mjaluo, Mkuria na Mkisii, wakafungiwa chumba kimoja mpaka kila mmoja acheke kile kinachomhusu yeye. Waigizaji wa kijiji waambiwe kabla ya kamera kuwashwa wataonyeshwaje, na walipwe kama wa mjini.

Na filamu ikikamilika isianzie Nairobi. Ianzie Isebania, kisha Kehancha, kisha Mbita, kwenye kitambaa cheupe uwanjani au katika vibanda vya video ambako watu wamezoea kusikia sinema za nje zikisimuliwa kwa Kiswahili, kiingilio cha chini, mwongozaji na waigizaji wakiwa wamekaa mstari wa mbele ambapo kila mtu anawaona. Baada ya onyesho taa ziwashwe na kipaza sauti kipitishwe, aanze mwenye hasira kuliko wote. Kama kuna onyesho litakaloondolewa kwenye filamu, liondolewe hapo, na waliochekwa ndio waseme ni lipi.